Mshairi wa maono aliyehesabu siagi

Miaka mingi iliyopita, mwanafunzi mmoja wa uzamili alinijia ofisini na pendekezo la utafiti. Alitaka kulinganisha washairi wawili wa maono, mmoja wa Pate na mwingine wa Ayalandi. Wa Pate sote twamjua: Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Wa Ayalandi alikuwa George William Russell, aliyetia sahihi maandishi yake kwa herufi mbili tu, AE. Nilipitisha macho kwenye kurasa zile, nikamwambia, "Binti yangu, huyu Mwayalandi wako anaishi mawinguni. Jamii itafaidika nini?" Akanijibu kwa upole, "Lakini Prof, alikuwa afisa wa ushirika." Nikacheka. Sikumuuliza zaidi. Alibadilisha mada, akaandika juu ya jambo jingine, akahitimu, maisha yakaendelea.

Mwaka huu, nikipanga upya vitabu vyangu, nimekumbana na nakala kuukuu ya The Candle of Vision, kitabu cha AE cha 1918, niliyoinunua kwa wauza vitabu vya mitumba jijini Nairobi na kuitupa kabatini. Safari hii nimeisoma hadi mwisho, kisha nikayarudia mashairi yake na insha zake. Sina budi kukiri kwamba nilikosea. Na kosa lenyewe halikuwa la ukosefu wa adabu kwa mwanafunzi tu; lilikuwa kosa la kihakiki.

Kabla sijaenda mbali, tuna tatizo la istilahi. Wazungu wana neno moja kwa mshairi wa aina hii, sisi tunabahatisha. Wapo wanaosema "mshairi wa kifumbo". La hasha. Fumbo hufumbwa ili lifumbuliwe, na kila mlumbi wa mtaani hufumba. "Mshairi wa kisufi" linamfaa Sayyid Abdalla, ila AE hakuwa Mwislamu. Alizaliwa katika familia ya Kiprotestanti, akaishia kwenye theosofia, imani iliyochanganya mafunzo ya Kihindi na falsafa za kale za Magharibi. Mashehe wana neno "batini", yaani undani usioonekana, kinyume cha dhahiri. Hilo nalipenda. La ajabu zaidi ni mzizi uliolizaa jina Inkishafi. Maana yake ni kufunuka, pazia kuondoka. Katika Kiswahili cha leo mzizi uo huo umetupa "kashfa" na "kukashifu"! Mwite mtu mkashifu uone kama hatakupeleka mahakamani. Basi nitasema tu mshairi wa maono, hadi hapo wajuzi watakaponipa neno bora.

Russell alizaliwa mjini Lurgan, kaunti ya Armagh, tarehe 10 Aprili 1867. Baba yake alikuwa karani wa vitabu vya hesabu. Kijana alipotimu miaka 11 familia ilihamia Dublin, na huko, katika chuo cha sanaa, alikutana na kijana mwenziwe, W. B. Yeats. Urafiki wao, pamoja na ugomvi wao, ulidumu hadi kaburini. Jina la AE nalo lina kisa chake. Alikuwa amechagua neno Aeon liwe lakabu yake, mpiga chapa akashindwa kuusoma mwandiko, zikabaki herufi mbili za mwanzo. Russell akaridhika nazo. Naona jambo hilo linatueleza tabia yake kuliko kurasa nyingi za wasifu: hakuwa mtu wa kupigania jina.

Kwa miaka kadhaa alikuwa karani katika duka kubwa la nguo mjini Dublin. Mchana alihesabu fedha za wenyewe. Usiku aliishi na wanatheosofia wenzake katika nyumba moja ya Ely Place, ambamo alichora picha za viumbe wa nuru ukutani. Diwani yake ya kwanza, Homeward: Songs by the Way, ilitoka 1894. Ikapokelewa vizuri. Hadi hapo huyu ni kijana wa kawaida wa kizazi chake, kwani miaka ile vijana wasomi wa Dublin waliokuwa wakiota miungu ya kale ya Waselti hawakuwa haba.

Lakini 1897 kulitokea jambo ambalo silioni mara nyingi katika tarehe ya fasihi. Horace Plunkett, mwana wa ukoo wa mabwana, alikuwa akieneza vyama vya ushirika miongoni mwa wakulima wa Ayalandi. Kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika kilikuwa kimefunguliwa Drumcollogher, kaunti ya Limerick, mwaka 1889, na shirika la kuviunganisha vyama hivyo likaundwa 1894. Plunkett alihitaji mtu wa kwenda vijijini kuanzisha benki ndogondogo. Yeats akampendekeza Russell. Hebu fikiria: unatafuta afisa wa mikopo, rafiki anakuletea mshairi anayeona malaika milimani. Plunkett akamwajiri. AE akapewa baiskeli.

Akaenda nayo magharibi, kaunti ya Mayo na kwingineko, katika sehemu maskini kupindukia, ambako kumbukumbu ya njaa kuu ya miaka ya 1840 ilikuwa bado mbichi. Pale kijijini mwenye duka ndiye pia aliyekuwa mkopeshaji. Mkulima alichukua mbegu kwa mkopo, akauza mazao kwa mtu yuyo huyo, na deni halikuisha. Sisi leo tunawaita watu hao mashailoki. Dawa aliyokuja nayo AE ilikuwa mfumo wa Mjerumani Raiffeisen: watu wa eneo dogo wanaojuana kwa sura na kwa tabia wanadhaminiana, kila mmoja akibeba dhamana ya deni la wote. Hakuna shamba la kuweka rehani wala dhahabu. Rehani ni kujuana. Kazi ya AE usiku baada ya usiku ilikuwa kusimama katika chumba chenye moshi wa makaa ya udongo, akiwashawishi watu walioumwa na nyoka mara nyingi kwamba jirani yao anaaminika.

Mimi ni mtoto wa ushirika. Marehemu baba alipeleka kahawa kiwandani miaka yote ya utoto wangu, na debe nimelibeba kichwani. Naijua harufu ya maganda ya buni yakioza, na naijua sura ya mzee anayerudi kutoka mkutano wa mwaka mikono mitupu. Kamati ya chama chetu haikukosa maelezo: bei imeshuka, mashine imeharibika, subirini. Kwa hiyo mtu akinisifia ushirika huwa nakunja uso. Nilipomsoma AE nilimsoma kwa uso huo uliokunjwa, nikitafuta mahali atakapoanza kupaka mambo sukari.

Hakupaka. Kuanzia 1905 alikuwa mhariri wa gazeti la vyama hivyo, The Irish Homestead, na aliendelea nalo hadi 1923. Wiki hadi wiki aliandika juu ya mbolea, mayai, nguruwe, mashine za kutenga malai na bei ya siagi. Katika maandishi hayo, na katika kitabu chake The National Being cha 1916, hoja anayoirudia ni kwamba chama kinachojali bei peke yake hakitofautiani na duka. Kama wanachama hawajengi pamoja maisha ya kijiji, maktaba yao, ngoma zao, elimu ya watoto wao, watabaki wachuuzi wanaochunguliana mifukoni. Baba yangu hakuisoma National Being, lakini jambo hilo alilijua vizuri sana.

Sasa tuje kwenye mashairi, maana mhakiki hawezi kuyakwepa kwa kumsifia mtu baiskeli yake. Kusema kweli, mengi ni dhaifu. Beti ni fupi, aghalabu za mishororo minne, vina vimekaa sawa, mapigo hayatetereki. Muziki upo. Taabu iko kwenye msamiati. Shairi baada ya shairi jua limeshatua, anga ni la zambarau, mbali kuna kitu kinachometa kama almasi, na roho inakumbuka kwao ilikotoka. Ukisoma matano unafurahi. Ukisoma 20 mfululizo hujui tena umesoma lipi. Mtu aliyepita vijiji vyote vile kwa baiskeli, akanyeshewa na kulala kwenye vibanda vya watu, hatuwekei ndani ya beti zake kibanda kimoja tunachoweza kukigusa.

Nadhani sababu yake ni imani yake kuhusu utunzi. AE aliuona ushairi kuwa kitu anachopewa mtu kutoka kilindini, na mwaka 1932 aliandika kitabu kizima, Song and Its Fountains, kueleza jinsi beti zake zilivyomjia. Kilichotolewa na roho ni nani akichonge tena? Yeats naye alikuwa na maono yake, majini yake na falaki zake, tena mengine ya kuchekesha kuliko ya AE. Lakini Yeats alikuwa fundi seremala. Aliliranda shairi, akalirudia, akalibadilisha hata baada ya kulichapisha. Ndiyo maana mmoja alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1923 na mwingine anakumbukwa kama rafiki wa huyo aliyeipata.

Hapa ndipo ulinganishi wa yule mwanafunzi ungezaa matunda, lau ningemwacha. Mtunzi wa Al-Inkishafi naye anataka kutuonyesha kwamba dunia ni mapito. Lakini hatupeleki kwenye anga la zambarau. Anaushika moyo wake mkono na kuupeleka Pate, ndani ya nyumba za matajiri zilizobaki magofu. Kuna taa zilizowaka, sasa giza. Kuna popo. Kuna vile vidaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani za thamani, sasa makinda ya ndege yamelala humo. Kila anayejua nyumba za Lamu anaviona vidaka hivyo, na batini inapita palepale, kwenye tundu la ukuta. AE mshairi alikosa kidaka.

AE wa nathari, hata hivyo, alikipata. Ndilo jambo lililonishangaza katika The Candle of Vision. Nilitarajia ukungu uleule wa mashairi, nikakuta mtu anayetoa ushahidi kwa utulivu kama aliye kizimbani. Anaeleza alivyoanza kuona akiwa na umri wa miaka 16 au 17, akitembea njia za mashambani za Armagh. Anaeleza alivyojifunza kuituliza akili: unachagua kitu kimoja, unakiweka mbele ya fikra, unajaribu kukishikilia, na mara moja unagundua kwamba akili yako ni mtoto mtundu asiyekaa darasani. Anakiri kwamba zoezi hilo lilimchosha na kumkatisha tamaa. Hakuna zambarau hapo. Hiyo ni kazi.

Kisa kimoja sikisahau. Yuko ofisini, anasubiri kazi, karani mwenzake anaandika barua. Ghafla AE anaona akilini duka dogo, mzee nyuma ya kaunta akipapasa makaratasi, na msichana mwenye nywele nyekundu. Anamuuliza mwenzake kama baba yake ana duka la namna hiyo. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mwingine angeishia hapo, atangaze muujiza na kuanzisha kanisa. AE anaendelea kwa swali linalomuumiza mwenyewe: ikiwa picha ya mwenzangu imeingia kichwani mwangu bila hodi, nitajuaje kwamba maono yangu mengine yote, milima ya nuru na wafalme wake, si vipande vya akili za watu wengine vilivyopotea njia? Simwamini kila anachosema. Ila mtu anayeyahoji maono yake hadharani namna hiyo si mtu wa mawinguni.

Nisimpambe kupita kiasi. Kitabu hichohicho kina sura kuhusu lugha ya miungu, na pale mwanaisimu yeyote atashika kichwa. AE anadai kwamba kila sauti ya lugha ina maana yake ya asili, pamoja na rangi na umbo. R ni mwendo. W ni maji. Miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1916, mihadhara ya Ferdinand de Saussure ilikuwa imechapishwa ikishikilia kinyume chake, kwamba kati ya neno na kitu hakuna udugu wa damu, ni makubaliano tu. Nimeijaribu nadharia ya AE kwa Kiswahili, kwa mchezo. R ni mwendo: ruka, rudi, rusha, randa. Haya! Lakini kimbia haina R, wala tembea, na roda imejaa R japo kazi yake ni kukaa hapohapo ukutani ikizungusha kamba. W ni maji: ziwa, wimbi. Maji yenyewe je? Hata hivyo tusimcheke sana, sisi wenye tanakali za sauti. Anayesema kitu kimetumbukia majini "chubwi" na mwingine kimeanguka mchangani "tifu" hawezi kudai kwamba sauti haina maana yoyote. AE alishika uzi wa kweli, akaufumia kanzu ya nchi nzima.

Jinsi maono yalivyoungana na siagi inaonekana vizuri mwaka 1913. Waajiri wa Dublin, wakiongozwa na William Martin Murphy, waliwafungia nje maelfu ya wafanyakazi waliokataa kukihama chama cha James Larkin. Familia zikalala njaa. Mwezi Oktoba AE aliandika barua ya wazi kwa mabwana wa Dublin katika gazeti la Irish Times. Ni nathari kali kuliko zote alizoandika. Hakuna miungu ndani yake, lakini ni miungu iliyoiandika, kwa maana kwamba mtu anayeamini kila mkulima na kila mchukuzi bandarini ni roho iliyoshuka kutoka juu hawezi kumtazama akifa njaa kwa ajili ya kiburi cha mwenye tramu. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba ushairi wa maono ni ukimbizi, mtu anaikimbia dunia kwa kuwa imemshinda. Kwa AE imani ndiyo iliyomwondolea kisingizio cha kukimbia.

Miaka ya 1920 na 1921, wakati wa vita vya uhuru, majeshi ya Uingereza yalilipiza kisasi kwa kuchoma viwanda vya maziwa vya ushirika. Viwanda ambavyo AE na wenzake walivijenga kwa zaidi ya miaka 20 viliteketea kimoja baada ya kingine. Alipinga kwa kalamu, akidai uchunguzi na haki, na hakuwa mtu wa bunduki upande wowote. Nchi ilipopata serikali yake alihariri gazeti jingine, The Irish Statesman, hadi lilipokufa mwaka 1930.

Kuna kazi nyingine isiyohesabiwa katika diwani: watu aliowafungulia mlango. Mwaka 1904 alimwomba kijana mmoja fukara hadithi fupi nyepesi kwa gazeti la wakulima, akamlipa pauni moja. Kijana ni James Joyce, na hadithi hiyo, "The Sisters", ndiyo inayofungua Dubliners. Joyce alimshukuru kwa njia yake. Katika Ulysses alimtia AE ndani na kumdhihaki, na akacheza na irabu tano za Kiingereza, zikisomwa kwa sauti zinakuwa ungamo la deni kwa AE. Mwaka 1931 mkulima kijana, Patrick Kavanagh, alitembea kwa miguu kutoka Inniskeen hadi Dublin, yapata kilomita 80, kwenda kumwona mhariri aliyechapisha mashairi yake. AE alimpa vitabu arudi navyo. Kavanagh ndiye aliyekuja kuwaweka ndani ya beti matope, viazi na samadi ambavyo mlezi wake aliviandikia tahariri tu.

Mkewe, Violet, alifariki 1932. AE aliondoka Dublin, akaishi London, na akafa Bournemouth tarehe 17 Julai 1935. Mwili ulirudishwa kuzikwa makaburi ya Mount Jerome, Dublin, na Yeats alikuwapo mazishini.

Ofisi yake ya gazeti ilikuwa katika jumba la ushirika, nambari 84 Merrion Square. Humo pia alichora ukutani, miti na viumbe wa nuru, juu ya karatasi ya kupambia ukuta, na mbele ya picha hizo akakaa miaka mingi akisoma ripoti za siagi na barua za wakulima. Pendekezo la mwanafunzi wangu lilitaja ukuta huo katika ukurasa wa pili. Ningali nayo nakala. Pembeni nimeandika kwa wino mwekundu, "Halina uhusiano." Sasa yule binti ni mwalimu wa sekondari huko magharibi. Nimempigia simu wiki iliyopita kumwuliza kama angependa kurudi kwa shahada ya uzamifu, na kwa mada ipi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Prof, nipe wiki moja nifikirie. Kwa sasa mimi ndiye mweka hazina wa sako yetu hapa shuleni, na tunafunga hesabu za mwaka."